Karatasi ya siku mbaya: mtu kwanza, kalamu baadaye

Neno linaloiharibu kazi hii kabla haijaanza ni "wosia". Mwambie mtu wa Ujiji au Mwanga, hapa Kigoma, aandike wosia wa matibabu yake ya akili, na nusu ya familia itanyamaza, nusu itauliza nani anakufa. Kwa hiyo hapa naiita karatasi ya siku mbaya. Ni maandishi anayoyatoa mtu akiwa mzima wa akili, akieleza anavyotaka atendewe siku ugonjwa ukirudi kwa nguvu na akashindwa kujisemea. Nani aitwe. Apelekwe wapi na kwa usafiri gani. Dawa ipi imemsaidia, ipi imemuumiza. Watoto walale kwa nani, simu yake ashike nani.

Nchi nyingine zimeshaiwekea sheria. Jimbo la Minnesota, Marekani, lilianza mwaka 1991. Scotland iliiweka kwenye sheria yake ya mwaka 2003, na India kwenye sheria ya mwaka 2017. Sheria yetu ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaweka utaratibu wa kumlaza mtu bila ridhaa yake, lakini haikutuwekea fomu ya namna hii. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 12 ya mkataba huo inatambua kwamba mtu mwenye ulemavu, wa akili akiwemo, anabaki kuwa mtu kamili mbele ya sheria. Kwa maana hiyo karatasi hii haivunji sheria yoyote, wala haina nguvu ya amri ya mahakama. Nguvu yake ni makubaliano. Inafuatwa kwa sababu waliokaa na kukubaliana wanaikumbuka.

Na hapo ndipo wengi wanapokosea wanaponakili fomu za nje. Fomu za Ulaya na Marekani zinazungumza na daktari. Huku kwetu, saa za kwanza za dharura daktari hayupo. Uamuzi unafanyika uani, usiku, mbele ya mama, kaka, jirani na dereva wa bodaboda. Hapo ndipo inapoamuliwa kamba ya kumfunga itafutwe au isitafutwe, kama ni kwa mganga, kwenye maombi, kituo cha polisi au hospitali ya mkoa ya Maweni. Karatasi isiyozungumza na watu wa uani itafika hospitali imechelewa, kama itafika.

Watu wanaamuaje kuiandika au kuikataa? Utafiti uliofanyika katika miji mitano ya Marekani na kuchapishwa mwaka 2006 uliwauliza wagonjwa wa nje wa kliniki za akili 1,011. Walioshaandika walikuwa kati ya asilimia 4 na 13 tu kulingana na mji, lakini kati ya asilimia 66 na 77 walisema wangetaka kuandika kama wangepata mtu wa kuwasaidia. Pengo hilo lote ni la msaada. Mtu anaitaka karatasi, anakosa wa kukaa naye.

Huku kwetu kuna mizani nyingine pia, na kila moja inastahili kuheshimiwa. Wapo wanaoogopa kujitabiria: ukiandika siku mbaya, umeiita. Hoja hiyo haijibiwi kwa ubishi. Inajibiwa kwa mfano wanaouishi: mvuvi anayebeba jaketi la kujiokolea hajaiita dhoruba. Wapo wasiokubali kwamba wanaumwa, na hawa wasisukumwe. Mtu anaweza kuandika "ikitokea hali kama ya mwaka jana" bila kuutaja ugonjwa kwa jina, na karatasi ikafanya kazi yake vilevile. Wapo wanaoogopa itumike dhidi yao, na hofu hii mara nyingi ni ya kweli. Mwanamke anayegombania watoto, au kijana ambaye ndugu zake wanakitazama kiwanja chake, ana sababu nzuri ya kutoacha ushahidi wa ugonjwa mikononi mwa watu hao. Kwake yeye kukataa ni uamuzi wa busara, au aandike nusu ukurasa tu, wa dawa na namba mbili za simu, ukae kwenye faili la kliniki peke yake.

Wanaoikubali haraka zaidi ni waliowahi kuumizwa. Aliyefungwa kamba, aliyechomwa sindano bila kuambiwa ni ya nini, aliyerudi nyumbani akakuta mtaji wa biashara umekwisha. Mtu huyu hana haja ya kushawishiwa. Ana haja ya karatasi na muda.

Hata hivyo, swali linaloamua kuliko yote ni hili: "Nani ataishika?" Nalisema bila kusita: kama hakuna jina la kujibu swali hilo, kalamu iwekwe chini kwanza. Mshika karatasi mzuri hufika ndani ya nusu saa, simu yake inapatikana usiku, na anaweza kusema "hapana" mbele ya wazee wa ukoo. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo adimu. Mdogo wa mwisho anaweza kukupenda kuliko wote, lakini mbele ya baba mkubwa atainamisha kichwa na karatasi itabaki mfukoni. Mara nyingi shangazi ana sauti kuliko mke, na rafiki wa kazini ana ujasiri kuliko kaka. Awepo na wa pili, asiyelala nyumba moja na wa kwanza, kwa sababu msiba au safari ya Kasulu humchukua mmoja siku unayomhitaji.

Kisha wakae pamoja. Si siku ya kutoka wodini, maana siku hiyo mtu hukubali lolote ili aende nyumbani. Zisubiriwe wiki 4 hadi 6 za usingizi mzuri. Kwa familia za wavuvi wa dagaa wakati wake ni mbalamwezi, maboti yakiwa yamepumzika na watu wako nyumbani. Vikao viwili vya saa moja moja vinatosha. Ukijaribu kumaliza kwa kikao kimoja, nusu ya pili huandikwa na watu waliochoka.

Mazungumzo yenyewe, yakiwa ya kweli, hufika mahali kama hapa:

"Mama, msinifunge tena kamba. Mkono huu ulikaa miezi bila kushika kikombe."

"Mwanangu, usiku ule ulikuwa unaelekea ziwani. Ningekushika na nini?"

Wote wawili wana haki, na kazi ya karatasi ni kulijibu swali la mama. Kuandika "nisifungwe" peke yake ni kumwachia mama usiku uleule bila njia. Inayofanya kazi ni ndefu kidogo: "Nisifungwe kamba. Nikielekea ziwani au barabarani, aitwe baba mdogo na jirani wa nyumba ya bluu. Wanishike mikononi, nikiwa nimekaa. Nisilazwe kifudifudi, mtu asinikalie mgongoni. Mama aongee nami kwa Kiha, wengine wanyamaze. Taa iwashwe. Bajaji iitwe wakati huohuo." Kila kipande kina sababu yake. Mtu aliyelazwa kifudifudi akakandamizwa mgongoni anaweza kukosa pumzi akafa, hata kama waliomshika hawakuwa na nia mbaya. Kamba iliyobana kifundo usiku kucha inaweza kuumiza mishipa ya fahamu, na kiganja kikalegea kwa wiki au miezi. Sauti sita kwa mpigo humchanganya zaidi anayesikia sauti nyingine tayari.

Dalili za kuanza ziandikwe kwa vitendo vinavyoonekana na jirani. "Nikianza kuumwa" haimsaidii mtu, kwa sababu kila mmoja ana siku yake ya kuanza kuona. "Nikilala chini ya muda wa saa 4 kwa siku 2 mfululizo, nikianza kugawa vyombo, nikikataa chakula alichopika dada" ni kipimo. Kwa mvuvi usingizi uhesabiwe wa mchana, maana usiku yuko kazini, na hapa ndugu wengi hudanganyika: wanaona hajalala usiku wanasema ni kazi, na mchana hawapo kuona kwamba hajalala pia. Kwa mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, usingizi ndio mlango. Ukikosekana kwa siku chache hali hupanda, na hali ikipanda usingizi huzidi kukimbia.

Sasa dawa. Hapa niende polepole, kwa sababu ndipo karatasi nyingi zinapoangukia.

Jina la dawa liandikwe kama lilivyo kwenye boksi au kadi ya kliniki. "Kile kidonge cha bluu" hakina maana mwezi ujao, maana Bohari ya Dawa ikileta cha kiwanda kingine rangi hubadilika. Kisha yatenganishwe mambo matatu ambayo watu huyachanganya: mzio, madhara, na kutopenda. Mzio ni vipele, kuvimba uso, kushindwa kupumua, na hapo dawa haitolewi tena. Madhara ni kitu kingine. Mfano unaojulikana kliniki zote ni haloperidol, dawa ya kumtuliza aliyechafukwa: ndani ya siku za mwanzo, wakati mwingine saa chache baada ya sindano, shingo inapinda upande, macho yanapanda juu na kugoma kushuka, ulimi unakakamaa. Mgonjwa anadhani anakufa, na ndugu wanadhani amepagawa. Ni msuli umekaza kwa sababu ya dawa, na hufunguka kwa sindano ya promethazine au kwa benzhexol, ile ambayo wengi wanaiita Artane. Aliyepitia hayo hutaka kuandika "sitaki sindano kabisa", na ni haki yake kuhisi hivyo. Lakini fikiria nesi wa zamu saa 8 usiku, kabatini kuna haloperidol na diazepam tu. Sentensi ya kukataa kila kitu inamlazimisha aiweke karatasi yote pembeni, pamoja na yale mazuri yaliyomo. Sentensi inayomsaidia ni hii: "Haloperidol ilinipinda shingo mwaka jana, nikapona kwa promethazine. Chaguo la kwanza nipewe olanzapine ya kumeza ikiwepo. La pili, diazepam. La tatu, kama lazima haloperidol, dozi ndogo na promethazine hapohapo. Niambiwe jina la dawa kabla sijachomwa, hata kama naonekana sisikii."

Machaguo matatu, kwa sababu dawa huisha. Anayeandika moja amebahatisha.

Sindano ya mwezi, fluphenazine au Modecate, watu wengi huiomba kwenye karatasi kama ya kutuliza siku ya dharura. Haifanyi kazi hiyo. Inaingia mwilini taratibu kwa siku kadhaa, ni ya kuzuia ugonjwa usirudi. Iandikwe sehemu yake: tarehe ya mwisho kuchomwa, bega au tako, na kama ni mwanamke anayetaka nesi wa kike, aandike hivyo bila aibu. Mwanamke anayeweza kushika mimba aulize pia kuhusu valproate, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda, kabla haijawekwa kwenye karatasi, maana inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na siku ya dharura hakuna atakayekumbuka kuuliza tarehe ya mwisho ya hedhi.

Kuna hesabu ndogo ya mwezi ambayo wavuvi wanaielewa ukiwaonyesha. Kazi ya dagaa inafuata mwezi wa angani, siku 29 na nusu. Sindano ya kila wiki 4 inafuata siku 28. Kila sindano inatangulia siku moja na nusu, na baada ya sindano 5 tofauti imeshakuwa wiki nzima. Yule ambaye tarehe yake ya kliniki ilikuwa inaangukia mbalamwezi, anajikuta tarehe imehamia kwenye giza, yuko majini. Anaikosa moja, kisha ya pili, na watu wanasema amekataa dawa. Kwenye karatasi iandikwe: "Tarehe ikiangukia giza, mshika karatasi amwombe nesi aisogeze mapema." Mstari mmoja tu, na unazuia siku mbaya yenyewe.

Kwa vijiji vya mwambao wa kusini, upande wa Buhingu na Kalya, usafiri una hatari yake. Mtu aliyechafukwa hapakiwi kwenye boti akiwa hivyo, hasa usiku. Karatasi ya mtu wa huko ianze na zahanati au kituo cha afya cha karibu: atulizwe kwanza, asinzie, ndipo avushwe, mchana, akiwa katikati ya boti, jaketi la kujiokolea likiwa limefungwa, ndugu mmoja kila upande. Na iseme nani analipa mafuta, maana ubishi wa mafuta huchukua saa ambazo hazipo.

Maombi na mganga? Aandike mwenyewe anachokiamini, asiandikiwe. Yupo anayetaka mchungaji au shehe aje wodini kumwombea, na hilo lina faraja yake. Ninachosisitiza ni mpangilio: hospitali kwanza, na dawa za mganga za kunywa au kunusa zisichanganywe na za kliniki, kwa sababu daktari hatajua kipi kimemlaza.

Mambo madogo yanayookoa maisha ya kawaida yasisahauliwe. Simu na laini akabidhiwe nani, ili asitume hela usiku kwa kila mtu. Namba ya siri isiandikwe kamwe. Hela ya kikundi cha kukopeshana nani aipeleke. Mtoto anayenyonya abaki na nani. Nani atalala naye wodini. Dawa za kuulia wadudu na za mifugo ziondolewe ndani siku ya dalili ya kwanza. Hapo nitoe tahadhari moja: Kanuni ya Adhabu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, kwa hiyo historia ya jambo hilo isiandikwe kwenye nakala zitakazozunguka mtaani. Alizungumze na daktari ana kwa ana. Kwenye karatasi inatosha kuandika hatua za ulinzi.

Ukurasa mmoja, mbele na nyuma, usizidi. Kiswahili kwa ajili ya hospitali, na kwa bibi wa Kasulu asiyesoma, mwenyewe arekodi kwa sauti yake kwa Kiha kwenye simu ya mshika karatasi. Sauti ya mtu akiwa mzima ina nguvu ya ajabu uani. Ndugu waliokuwa wanabishana husikiliza. Nakala 4: ya mwenyewe, za washika karatasi wawili, na ya faili la kliniki, iliyosomwa na kusainiwa na nesi au daktari wa akili pamoja na tarehe. Nakala ya mwenyekiti wa mtaa ni hiari, na wengi hawaitaki, nami nawaelewa. Kutoa nakala steshenari ya mtaani kwako ni kuitangaza. Ziandikwe kwa mkono kwa karatasi ya kaboni, au zikatolewe mbali na nyumbani.

Je, siku yenyewe akisema "chaneni hiyo karatasi, sasa nataka hivi"? Uholanzi waliliwekea sheria jambo hili mwaka 2008, mtu akaruhusiwa kujifunga mwenyewe mapema. Sisi tunabaki na makubaliano, na lazima yaseme wazi sauti ipi ifuatwe. Ninavyoona, njia nzuri ni kugawa: mambo ya usalama na dawa ifuatwe karatasi, nani akae naye, ale nini, aombewe na nani, afuatwe anavyosema siku hiyo. Lakini huo ni uamuzi wake mwenyewe. Wapo wanaosema "hata nikikataa nipelekeni", wapo wanaosema "nikikataa nisubirini mpaka asubuhi kama simdhuru mtu". Yote mawili yaandikwe kwa maneno yake.

Nani asaidie kuandika? Ufaransa walijaribu huko Marseille, Lyon na Paris, watu 394, wakisaidiwa na wenzao waliowahi kuumwa. Matokeo yalitoka mwaka 2022: waliolazwa kwa lazima walikuwa asilimia 27 upande wa waliosaidiwa, karibu 40 upande mwingine. Uingereza, utafiti wa watu 569 uliochapishwa mwaka 2013, mipango ya pamoja na madaktari haikupunguza kulazwa kwa lazima, na moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba kliniki nyingi ziliichukulia kama fomu nyingine ya kujaza. Kwa hiyo nesi awepo, asaini, ajibu maswali ya dawa. Lakini anayeshika kalamu, akiwezekana, awe mtu aliyewahi kulala wodi ileile na sasa yuko vizuri, kwa sababu yeye haulizi "una dalili gani". Anauliza "wewe walikushika wapi?"

Ugonjwa ukirudi na kuondoka, ndani ya wiki 6 karatasi ifunguliwe tena na waliokuwepo. Kila mstari uwekwe alama: ulifuatwa, haukufuatwa, kwa nini. Kama bajaji haikupatikana, iandikwe namba nyingine. Kama mshika karatasi alizima simu, abadilishwe kwa upole. Ikiwa hakuna lililotokea, ipitiwe kila miezi 6, angalau majina ya dawa na namba za simu. Nakala mpya zikishasainiwa, za zamani zikusanywe zote, maana mbili zenye tarehe tofauti uani zitawapa wabishi pa kushika, na zichomwe jikoni siku hiyohiyo, mwenyewe akiangalia.